Tusiondoke Kabla ya Mwisho



Wapendwa wasikilizaji, katika Dominika hii twaomba kuwachukua hadi mji wa St. Louis, nchini Marekani, mji uliopewa jina la Mtakatifu Ludoviko, Mfalme wa Ufaransa. Watu wa huko huupenda mchezo wa besiboli kama sisi tunavyoupenda mpira wa miguu. Timu yao huitwa Cardinals, yaani Makardinali, si kwa sababu ya utakatifu wa wachezaji, bali kwa sababu ya rangi nyekundu ya sare zao.

Mchezo huo una jambo moja linalostahili kutafakariwa. Katika mpira wa miguu, timu iliyotangulia kwa mabao yaweza kupoteza muda: kipa hujilaza chini, mpira hupigwa jukwaani, hadi filimbi ya mwisho ilie. Katika besiboli ujanja huo haufai kitu, kwa maana mchezo haumalizwi na saa. Kila timu hupewa zamu tisa za kupiga mpira kwa rungu la mbao, na zamu haiishi mpaka wapigaji watatu watolewe. Mpigaji naye hutolewa akishapoteza nafasi tatu. Basi aliye mbele hana budi kumrushia mpinzani wake hata mpira ule wa mwisho, na aliye nyuma hupewa haki yake yote.

Tarehe 27 Oktoba 2011, Cardinals walikuwa wakicheza fainali dhidi ya Texas Rangers. Bingwa ni yule anayeshinda michezo minne. Rangers walikwisha kushinda mitatu, Cardinals miwili. Usiku ule, katika zamu ya tano, mchezaji wa Cardinals aitwaye David Freese, kijana aliyekulia jirani na mji huo huo, aliponyokwa na mpira mwepesi mbele ya umati wa watu wake, na wapinzani wakajipatia pointi.

Ikafika zamu ya tisa. Rangers walikuwa na pointi 7, Cardinals 5. Wapigaji wawili walikuwa wamekwisha kutolewa, na wa tatu alikuwa Freese yule yule. Akapoteza nafasi mbili, ikabaki moja. Shabiki katika saa kama hiyo huwa ameanza kujifariji moyoni na kuyatazama malango ya kutokea. Hapo Freese akaupiga mpira, ukapita juu ya kichwa cha mlinzi hadi ukutani, wenzake wawili wakakimbia hadi nyumbani, na timu zikawa sawa.

Katika zamu ya kumi Rangers wakaongeza pointi mbili. Cardinals wakafikishwa tena kwenye nafasi yao ya mwisho kabisa, na Lance Berkman akawasawazishia, 9 kwa 9. Katika zamu ya kumi na moja Freese akarudi, akaupiga mpira ukavuka ukuta wa uwanja. Pointi 10 kwa 9! Kesho yake Cardinals wakatwaa ubingwa. Aliyewahi kuipenda timu kwa moyo wote aifahamu furaha ya namna hiyo: mtu hulia na kucheka kwa pamoja, akamkumbatia asiyemjua.

Je, tujifunze kwamba asiyekata tamaa hushinda daima? La hasha. Rangers nao hawakukata tamaa, nao walishindwa, ingawa mara mbili walibakiza mpira mmoja tu kuwa mabingwa. Tena ushindi wa usiku mmoja hautibu kila jeraha. Mwaka 2017 Freese mwenyewe alieleza hadharani kwamba kwa miaka mingi alisumbuliwa na huzuni nzito ya moyo. Tumaini la Mkristo si ahadi ya kombe.

Funzo letu ni hili: tusimhukumu mtu kabla ya mwisho wake. Aliyeangusha mpira katika zamu ya tano ndiye aliyeiokoa timu katika zamu ya tisa. Kama kocha angemhesabia kosa lile na kumwondoa, nani angesimama pale? Hata Rangers walioondoka wakiwa wameinamisha vichwa, hadithi yao ilikuwa haijaisha: mwaka 2023 waliupata ubingwa wao wa kwanza.

Wahenga walisema, hujafa hujaumbika. Kwa kawaida twautumia usemi huo kumwonya anayemcheka mwenzake. Lakini una habari njema ndani yake: Muumba bado anafinyanga. Bwana wa shamba la mizabibu aliwaita wafanyakazi hata saa kumi na moja, jua likikaribia kuzama. Na yule mnyang'anyi msalabani alikuwa amebakiwa na pumzi chache tu, nazo zikamtosha.

Lakini sisi ni wepesi wa kuondoka uwanjani. Katika familia zetu yumo kijana mlevi ambaye tumekwisha kuacha kumwombea. Katika jumuiya zetu ndogo ndogo yumo ndugu ambaye hatubishi tena hodi mlangoni pake. Katika madaftari ya makatekista yamo majina yaliyopigwa mstari. Na pengine jina tulilolifuta ni letu wenyewe, tukisema moyoni kwamba kwetu sisi muda umekwisha.

Ndugu wapendwa, kwa Mungu saa haimalizi mchezo. Juma hili tumchague mmoja tu miongoni mwa wale tuliowaacha, twende kwake, tukae naye kitako. Huenda tusione ushindi kwa macho yetu. Ila atakapopewa nafasi yake ya mwisho, asikute viti vyetu vitupu.

Mungu awabariki nyote. Amina.