Khabari za Madini Yavumiliayo Moto

(Maneno yaliyosemwa mbele ya baraza la Wazee na Walimu)



Leo twapenda kuwaeleza khabari za madini yaitwayo Nimonic. Hakuna hapa asiyeijua kazi ya mhunzi. Hutia chuma motoni, huvukuta, na chuma kikiisha kuwa chekundu hulainika, akakifua jembe au shoka. Ulaini ule ni baraka kwa mhunzi, bali kwa fundi wa mitambo ni msiba. Chuma cha kawaida kikifikia digrii 600 za Sentigredi hupoteza karibu nusu ya nguvu zake, tena hubambuka magamba.

Mwaka 1930 Mwingereza Frank Whittle aliomba hati ya mtambo mpya wa kurushia ndege. Ndani yake hewa hushindiliwa, huchanganywa na mafuta, huwashwa, na mvuke wa moto ule huzungusha gurudumu lenye mapanga madogo. Ndege ya kwanza ya Uingereza ya namna hii iliruka tarehe 15 Mei 1941. Gurudumu la mtambo wake lilizunguka zaidi ya mara 16,000 kwa dakika moja. Fikirini basi: panga limo motoni, na mzunguko walivuta kwenda nje. Likilainika hurefuka kidogo kidogo, unywele kwa unywele, mpaka likwaruze ukuta wa mtambo au likatike. Hapo roho ya rubani i mashakani.

Wataalamu wa kiwanda cha Henry Wiggin, Uingereza, waliitafuta dawa ya jambo hili. Walishika mchanganyiko wa nikeli na kromi, ambao Mmarekani Albert Marsh aliupatia hati mwaka 1906, nao hata leo hufanyiwa nyaya za majiko ya umeme. Wakaongeza titani na alumini kidogo. Katika Nimonic 80, nikeli ni karibu robo tatu, na kromi ni kama sehemu moja katika tano.

Kila kimoja kina kazi yake. Kromi hufanya ngozi nyembamba juu, hewa ya moto isile ndani. Titani na alumini hushikana na nikeli zikawa chembe ndogo mno, nazo huzuia madini yasiteleze, kama kokoto katika udongo wa kukandikia ukuta. Kwa hiyo panga hudumu na nguvu zake hata katika digrii 700.

Lakini tusiseme kwamba madini haya hayana kasoro. Ni ghali, ni magumu kukatwa, na moto ukizidi huyeyuka. Ndiyo sababu mapanga mengi ya ndege za abiria za siku hizi, yaliyofanywa kwa madini ya ukoo huu, yana vijia vya hewa ya kuyapoza, maana mvuke uyapitiao ni mkali kuliko kiasi cha kuyayeyusha.

Walimu, nikeli imo hata katika ardhi ya Kabanga, wilaya ya Ngara. Lakini nikeli peke yake haikumwokoa rubani; aliyemwokoa ni mtu aliyejua achanganye nini, na kwa kipimo gani. Basi wafundisheni watoto wetu kupima na kuuliza sababu.

Wasalaam.