Kukadiria Kipimodata cha Mtandao Usiotumia Waya Katika Vituo vya Huduma

(Mada iliyowasilishwa katika kikao kazi cha Watendaji wa Kata, Waganga Wafawidhi na Wakuu wa Shule)



Maombi mengi ya mtandao huandikwa kwa mstari mmoja: "Tunaomba intaneti yenye kasi." Kitengo cha TEHAMA hakiwezi kukisia gharama kwa maneno hayo. Kituo huishia kupewa kilichopo, na mgonjwa ndiye anayesimama dirishani akisubiri kumbukumbu namba ya malipo itoke.

Kipimodata ni kiasi cha taarifa kinachoweza kupita katika mtandao kwa sekunde moja, nacho hupimwa kwa megabiti. Mafaili hupimwa kwa megabaiti, na baiti moja ni biti 8. Wengi hukosea hapo, wakapata jibu dogo mara nane.

Tuchukue mfano wa kituo cha afya chenye kompyuta 12. Msihesabu kompyuta, hesabuni kazi zinazofanyika kwa pamoja katika saa yenye msongamano, tuseme saa nne asubuhi. Watumishi tisa wako kwenye mfumo wa matibabu, lakini wanaobonyeza kwa wakati mmoja ni kama watatu. Ukurasa wa nusu megabaiti ni megabiti 4. Ukitakiwa kufunguka kwa sekunde 4, kila mmoja anahitaji megabiti 1 kwa sekunde. Jumla ni 3. Ongezeni kikao cha video na mkoa, megabiti 2 kwenda na 2 kurudi. Kupakua kunafika 5.

Upande wa kupakia ndio unaosahauliwa. Picha ya eksirei ya megabaiti 20 ni megabiti 160. Kuituma kwa sekunde 80 kunahitaji megabiti 2 kwa sekunde. Pamoja na kikao cha video, ni 4. Tukiweka akiba ya asilimia 30, tunapata 6.5 za kupakua na 5.2 za kupakia. Huduma ya megabiti 10 za kupakua na 2 za kupakia ingeonekana nono kwenye karatasi, kumbe picha na kikao vingegombania njia.

Baada ya hapo yapo mawimbi yenyewe. Vifaa vilivyo kwenye chaneli moja ya Wi-Fi hupokezana zamu ya kuzungumza, kwa hiyo ruta iliyoandikwa 300 hutoa takriban nusu yake, na hupungua zaidi nyuma ya kuta nene. Kompyuta iliyo mbali huchukua zamu ndefu na kuwachelewesha wote. Katika masafa ya gigahezi 2.4, chaneli zisizoingiliana ni tatu tu: 1, 6 na 11. Vifaa viwili jirani visipangiwe chaneli moja. Simu za watumishi nazo zitengewe njia yake. Zikianza kusasisha programu saa nne, hesabu yote imeharibika.

Katika mkataba, someni neno "hadi". Binafsi ningechagua megabiti 10 zilizodhaminiwa kuliko "hadi 50" zinazogawanywa kwa wateja wengi.

Kila kituo kihesabu kazi zake siku ya Jumatatu na siku ya kufunga hesabu za mwezi, kisha kilete tarakimu mbili, ya kupakua na ya kupakia, kabla ya rasimu ya bajeti kufungwa.