TAA YA NJANO YA PIKAPU YETU
(Maneno ya Katibu mbele ya wanachama)



Ile taa ya njano yenye umbo la injini imewaka tena. Wapo wanaosema balbu ichomolewe, basi, yaishe. Hapana, ndugu zetu! Huko ni kumziba mdomo mtoto anayelia homa.

Mara nyingi taa hiyo inasema petroli haiungui sawasawa, au mvuke wake unavuja. Tunaanza na kisichogharimu kitu: mfuniko wa tangi. Baadhi ya magari huwasha taa kwa mfuniko usiobana tu, na ukishabanwa taa husubiri safari kadhaa ndipo izime. Tutatazama pia plagi na mipira ya hewa.

Halafu gari lipimwe kwa mashine. Mashine hutoa namba, lakini namba siyo hukumu. Ikitaja sensa ya oksijeni, huenda sensa ni nzima, ekzosi ndiyo imetoboka jirani yake. Fundi ahakikishe kwanza, ndipo mtunza hazina afungue kasha. Fedha hizo ni mahindi yenu.

Dereva naye asikie. Taa ikitulia, aende taratibu kwa fundi. Ikipepesa na injini ikitetema, asimame pembeni, azime. Petroli isiyoungua huingia kwenye ekzosi na kuunguza masega, na masega ni ghali. Kuchomoa betri ili taa izime hakutusaidii kitu: namba inafutika, ubovu unabaki pale pale.

Pikapu itapimwa Jumatatu. Mpaka hapo haipakii gunia hata moja.