Daftari la Jioni



Tumepewa dakika chache kuzungumzia chumba cha kusomea kilicho nyuma ya ukumbi huu. Sisi si walimu. Wengi wa rika letu tuliishia kidato cha nne, kisha tukaingia dukani kwa baba. Basi tutasema kwa lugha ya duka.

Kila Diwali tunafungua vitabu vipya vya hesabu mbele ya Lakshmi na Saraswati. Atazamaye ibada hiyo aweza kudhani hesabu ni kazi ya mara moja kwa mwaka. La. Hesabu hufungwa kila jioni: fedha huhesabiwa, hulinganishwa na daftari, na upungufu ukionekana hutafutwa kabla ya kulala. Ukiachwa miezi miwili, hakuna atakayejua ulikotoka.

Kwa vijana wetu tulifanya kinyume. Tuliajiri mwalimu wa tuisheni kila jioni. Viti vikajaa, nasi tukafurahi. Kisha mwalimu akaugua wiki tatu. Wiki ya kwanza walikuja wachache. Wiki ya pili tulimkuta binti mmoja tu, wa jirani zetu, anayesoma tahasusi ya EGM. Alikuwa amekifunika kitabu cha jiografia, akiandika yote aliyoyakumbuka. Kisha akakifunua na kuzungushia wino mwekundu alichokisahau. Tulimwuliza ni nani aliyemfundisha hivyo. Akajibu kwamba kwao hakuna fedha ya tuisheni. Tuliona haya, maana watoto wetu wenyewe, waliolipiwa kila somo, walikuwa nyumbani wakisubiri mwalimu apone.

Hatusemi mwalimu hana kazi. Hata Ekalavya, aliyejifunza upinde peke yake, aliifinyanga sanamu ya Drona akaiheshimu (habari ya kidole gumba hatujawahi kuipenda). Lakini kidato cha tano na cha sita huitwa miaka miwili, na kwa hesabu ya siku haifiki: masomo huanza Julai, na mtihani wa taifa huwa Mei. Baada ya hapo ni chuo kikuu, ambako hakuna atakayemsomea kijana sura kwa sura.

Kamati imeamua kwamba mwalimu atakuja Jumatatu na Alhamisi pekee, kujibu maswali ambayo mwanafunzi amekwisha kuyajaribu kwa mkono wake. Jioni nyingine chumba kitakuwa kimya. Baadhi ya wazazi wanalalamika kuwa walichangia mwalimu, hawakuchangia ukimya. Wana haki ya kuuliza. Fedha itakayosalia itanunua vitabu vya kiada na karatasi za mitihani iliyopita, na hesabu yake itabandikwa mlangoni kila mwezi.

Chumba kitafunguliwa saa kumi na moja jioni hadi saa tatu usiku, kwa mtoto wa mwanachama na wa jirani sawasawa. Ufunguo tumemkabidhi yule binti.