Kazi ya Mjumbe wa Viti vya Nyuma



Baadhi yenu mmetuuliza, mjumbe wa Bunge la Uingereza asiye waziri ana faida gani? Hana idara ya kuiamuru. Aketi nyuma, asikiliza. Twajibu: analo swali. Zamani za ukoloni, swali lililoulizwa London juu ya Kenya liliweza kumfanya Waziri wa Makoloni ampelekee Gavana simu ya kutaka habari. Nasi makarani twaujua uzito wa jalada liitwalo kwa haraka.

Tena aweza kuleta mswada wake mwenyewe, na hapo ndipo penye taabu. Mtazameni Fenner Brockway, mjumbe wa Eton na Slough tangu 1950. Kati ya 1956 na 1964 alileta mara tisa mswada wa kukataza watu wasibaguliwe kwa rangi zao. Miswada ya namna hii hupewa Ijumaa chache tu, na saa ikiisha, sauti moja ya “Napinga” yatosha kuuzuia. Wake ulikufa kila mara, naye akaurudisha.

Mwaka 1964 alishindwa katika uchaguzi kwa kura 11 tu. (Kumi na moja, mabwana!) Sheria ilipitishwa na serikali mwaka 1965, yeye akiwa amekwisha hamia Baraza la Malodi. Nayo ilikuwa nyembamba: iligusa hoteli, mabasi na mahali pa watu wote, kazi na nyumba zikangoja hata 1968.