Tezi Haina Kosa: Ini Sugu na Kipimo Kinachosomwa Vibaya

Kuna hoja iliyoshika mizizi katika maabara za kando ya barabara ya Thika: mtu akiwa mchovu, akifunga choo, akihisi baridi, na homoni ya T3 ikipatikana chini, basi thairoidi yake imelegea, apewe vidonge vya thairoksini. Hoja hiyo humsahau mwenye ini bovu.

Kwamba pombe na homa ya ini aina B huchakaza ini, wakazi wa eneo la Gatongora hawahitaji mhadhara. Wala mahindi yenye sumu ya aflatoksini ya mwaka 2004 hayajasahaulika: watu 125 walifariki, na Thika ilikuwa miongoni mwa wilaya zilizoguswa. Swali ni ini linapougua kwa miaka, shingoni, ilipo tezi ya thairoidi, hutokea nini? Mara nyingi, hakuna.

Ushahidi anaoupenda mhadhiri mmoja anayeipinga hoja hiyo ni wa mwaka 1970. Lewis Braverman, Sidney Ingbar na Kenneth Sterling waliwapa T4 (thairoksini) pekee watu ambao thairoidi zao hazikuwa zikifanya kazi, kisha wakatafuta T3 katika damu yao. Wakaipata. Tezi haikuwa na mkono humo, kwa hiyo ilitengenezwa kwingine: T4 ilinyofolewa chembe moja ya ayodini. Jaribio lile halina manjonjo. Liliitoa tezi kwenye hesabu, likaacha swali moja tu mezani, na wanafunzi wa mhadhiri huyo husomeshwa karatasi hiyo wapende wasipende.

Ini ni miongoni mwa viungo vinavyofanya kazi hiyo. Likijaa makovu, T3 hushuka. Vilevile ini ndilo linalotengeneza protini za kubebea homoni hizi katika damu, kwa hiyo kipimo cha T4 yote nacho hupotosha. TSH, amri itokayo ubongoni, kwa kawaida hubaki ilivyo.

Shangazi yake mhadhiri, mkazi wa Gatongora mwenye sirosisi, aliwahi kuanzishiwa thairoksini kwa sababu ya T3 iliyo chini tu. Moyo ukaenda mbio, usingizi ukakatika. Daktari mwingine alipoisitisha, TSH ilipimwa baadaye ikawa sawa.

Wapinzani wana haki mahali pamoja. Kinga ya mwili huweza kushambulia ini na tezi kwa pamoja, na sindano za interferoni za homa ya ini C ziliwaharibia wengine thairoidi. Tena thairoidi iliyolegea mno huweza kujaza maji tumboni, lawama ikaliangukia ini. Hapo TSH hupanda, T4 huru (isiyobebwa na protini) hushuka, na thairoksini ni haki ya mgonjwa.

Wenzake mhadhiri husema apimwe thairoidi mwenye dalili tu, pesa zisipotee. Yeye hakubali: dalili za ini bovu na za thairoidi iliyolegea zinafanana mno. Ombi lake kwa hospitali za Thika na Ruiru ni kwamba kila mgonjwa mpya wa ini sugu apimwe TSH, na ikiwa si ya kawaida apimwe T4 huru, kabla hajaandikiwa kidonge chochote cha thairoidi.