Kutu Chini ya Antena

Jumapili ya 23 ya Mwaka B (Mk 7:31–37)



Wapendwa wasikilizaji, Injili ya leo yatueleza jinsi Bwana wetu alivyomponya kiziwi mwenye utasi katika nchi ya Dekapoli. Angalieni utaratibu wake. Alimtenga na umati, akamtia vidole masikioni, kisha akamgusa ulimi. Hakushika mahali popote tu, alishika palipofungwa.

Redio ya gari la parokia moja ilikuwa ikikoroma njia nzima kati ya Korogwe na Handeni. Dereva alikwisha kata shauri la kununua redio mpya. Wengine walikilaumu kituo cha matangazo, wengine milima ya Usambara. Fundi mmoja pale Korogwe hakumlaumu yeyote. Alichomeka antena nyingine, akaishikilia nje ya dirisha, na sauti ikaja safi. Basi redio ilikuwa nzima. Ndipo akaipima kwa mita antena ya zamani. Umeme ulipita toka ncha ya fimbo hadi mwisho wa waya unaoingia redioni, kama ipasavyo. Kati ya waya wa ndani na wavu unaouzunguka haukupita, na hilo pia ni sawa. Lakini wavu huo sharti ushikane na bati la gari pale antena inapofungwa, nao haukushikana: kutu ilikuwa imeota chini ya nati. Hakuna aliyeishuku, maana fimbo yenyewe ilisimama wima, iking'aa.

Tena mkoromo ule ulipanda kila dereva alipokanyaga mafuta. Milima yaweza kuzuia mawimbi, hasa ya FM, lakini mlima hauzidishi kelele mtu akanyagapo mafuta! Kelele zilitoka katika cheche za injini ya gari lenyewe.

Wako waamini wanaolalamika kwamba Mungu amewanyamazia. Wamebadili novena, wamebadili jumuiya, hata padre wa kumwungamia wamembadili. Mmoja wa namna hiyo hakosi Misa, na rozari yake haikatiki. Ila tangu matanga ya baba yao hajasemezana na nduguye, kwa sababu ya mpaka wa shamba. Mama yao ni mgonjwa. Wanakwenda kumwona kwa siku mbalimbali, wasije wakakutana mlangoni, naye mama huhesabu siku hizo akiwa kitandani. Mtu huyo akipiga magoti, asikie nini, isipokuwa hoja zake mwenyewe za mpaka zikinguruma?

Fundi aliikwangua kutu kwa msasa, akakaza nati. Redio mpya haikununuliwa.

Katika Mathayo, sura ya tano, Bwana amwagiza mwenye ugomvi na nduguye aiache sadaka mbele ya altare, aende kwanza kupatana naye. Ndugu yangu, kama wanisikiliza asubuhi hii, mama yungali hai. Nenda siku ile ile ya nduguyo. Sadaka yako tutakutunzia hapa altareni mpaka urudi.